Jino halina tundu, jipu limetoka wapi?

#1 MamaPacha
Wakuu habari. Naomba mnieleweshe, maana nimechoka kulaumiwa.

Nina mapacha wa miaka mitatu na nusu, wa kiume na wa kike. Wa kiume alianza na uvimbe mdogo kwenye fizi juu ya jino la mbele, kama chunusi. Ukatoa usaha, ukanywea, baada ya wiki ukarudi. Daktari wa kwanza akaniambia simswaki mtoto ipasavyo. Nikamwambia jino halina tundu. Akasema lazima lipo, sijaliona tu. Miezi miwili baadaye likaja jino la pili, jeupe, zima, halina hata doa. Jipu lilelile. Lilipokuja la tatu tukaenda kwa daktari mwingine. Huyu alipiga picha, kisha akamvua mtoto suruali akaangalia magoti, akaagiza vipimo vya damu. Fosfeti, madini yanayojenga mifupa na meno, iko chini. Tumeambiwa ni ugonjwa wa kurithi, XLH, figo zinamwaga fosfeti kwenye mkojo.

Miguu naielewa, mfupa laini unapinda. Jino ndilo silielewi. Halijatoboka. Usaha umeingilia wapi?

#2 Kisiki
Pole sana dada. Jino ni madini kama mfupa ulivyo madini. Fosfeti ikiwa chache jino linajengwa laini na bakteria wanapenya. Ni matege yamehamia mdomoni, basi. Vitamini D na jua la asubuhi, mengine yatakaa sawa.

#3 Tabibu Kinywa
Kisiki, kwenye vitamini D tusimpoteze mama wa watu. Tangu 1937 Fuller Albright na wenzake waliandika juu ya matege yasiyosikia vitamini D, na ndiyo haya. Sababu tunaijua sasa: mifupa inatoa homoni inayoitwa FGF23 kupita kiasi. Homoni hiyo inaziamuru figo ziache fosfeti ipite, na papo hapo inazizuia figo kuigeuza vitamini D iwe katika hali yake ya kufanya kazi. Ndiyo maana watoto hawa wanapewa vitamini D ambayo tayari imeamshwa, pamoja na fosfeti ya kunywa. Jua halivuki kizuizi hicho.

Sasa jino. Juu kuna enameli, ambayo kwa uzito ni madini karibu 96%. Chini yake dentini, madini kama 70%, iliyobaki ni kolajeni, yaani nyuzi za protini, na maji. Katikati kuna kiini, chenye neva na mishipa ya damu. Dentini haigandi yote kwa mkupuo. Seli zake zinatandika kolajeni kwanza, kisha madini yanaanza kama vitufe vidogo sana, vinakua mpaka vinagusana na kushikamana kuwa ukuta mmoja. Kwenye XLH vitufe vinaanza vizuri lakini haviungani. Kati ya kitufe na kitufe panabaki nafasi yenye kolajeni tupu. Isitoshe, kiini kinakuwa kikubwa kuliko kawaida na pembe zake zinapanda juu sana, mara nyingine mpaka mpakani mwa dentini na enameli.

Kwa hiyo dada, njia ipo. Ni nyembamba kiasi kwamba jicho haliioni. Enameli ikipata ufa mdogo au ikisagika kidogo, bakteria wanakuta chini yake ukuta wenye mianya unaoelekea moja kwa moja kwenye kiini. Kiini kinakufa kimyakimya, mtoto hasemi kitu, unachokuja kukiona ni jipu. Hukukosea kumswaki.

#4 MamaPacha
Dokta asante. Nimesoma mstari wa mwisho mara tatu.

#5 Daftari
Nijuavyo mimi, ugonjwa huu meno ya utotoni yanang'oka yenyewe mapema, tena yakiwa na mizizi yake kamili. Mtoto wa jirani yalimtoka kabla ya miaka mitatu, hayakuuma, hayakuwa na usaha. Mbona huyu ana majipu?

#6 Tabibu Kinywa
Daftari, huo ni ugonjwa mwingine, majina ndiyo yanayotuponza. Wa MamaPacha ni haipofosfetimia, yaani fosfeti chache kwenye damu. Wa jirani yako, kwa maelezo yako, unafanana na haipofosfatasia, ambapo kinachopungua ni kimeng'enya, alkali fosfatezi. Pale kimeng'enya kikikosekana, pairofosfeti inajaa na kuzuia madini yasigande, na kinachoumia zaidi ni sementi inayoushika mzizi kwenye mfupa. Jino linakosa cha kushikilia, linatoka zima. Kipimo cha damu kinawatenganisha: haipofosfatasia kimeng'enya kiko chini, XLH kwa watoto kiko juu. Ni muhimu sana kutochanganya. Tiba zake hazifanani hata kidogo.

#7 Daftari
Nimekubali, nimekosea. Nitampelekea mama yake ujumbe leo, maana yeye aliambiwa "meno mepesi" wakaishia hapo.

#8 Kozi
Mimi ninayo XLH, nina miaka 41. Nakubaliana na #3 kwa sehemu kubwa ila sikubali nyufa kuwekwa sawa na kusagika. Kwangu majipu yalikuwa yanafuata kusagika. Jino la mbele likishasagika ncha, miezi michache tu, jipu. Meno ambayo hayagongani na wenzake yalinidumu miaka. Kama nyufa ndizo mlango, mbona meno yasiyogongana hayakupata? Pembe ya kiini iko pale juu, ukisaga milimita moja umeshaifikia.

Dada MamaPacha, mwangalie mtoto kama anasaga meno usingizini.

#9 MamaPacha
Anasaga! Baba yake husema ni minyoo.

#10 Mpiga Eksirei
Minyoo iachwe jamani.

Naongezea upande wa picha. Kwenye filamu ya mtoto wa kawaida, kiini cha jino la utotoni ni kivuli kidogo katikati, na dentini imekizunguka nene. Kwenye picha za XLH nilizowahi kupiga kivuli kinajaa jino, dentini imebaki kama ganda, na pembe mbili zimechomoza juu. Ule mstari mweupe unaozunguka mzizi kwenye mfupa wa taya unakuwa hafifu au huuoni. Ukishaziona picha mbili tatu huzisahau. Shida ni kwamba wengi wanapiga picha baada ya jipu, na wanaangalia ncha ya mzizi peke yake. Ukubwa wa kiini hawausemi kwenye ripoti kwa sababu hakuna aliyewauliza.

#11 Upogo
Nafanya kazi maabara ya utafiti wa mifupa, si daktari. Naona uzi mzima umekubali kwamba yote yanatokana na fosfeti ya damu. Mimi sikubaliani.

Jeni yenye hitilafu inaitwa PHEX, iko kwenye kromosomu ya X, ilitambuliwa 1995. Kazi yake haiko kwenye figo. Inafanya kazi kwenye seli za mifupa na za meno zenyewe. Kimeng'enya chake kinakatakata protini zinazozuia madini, mojawapo osteopontini. PHEX ikiharibika, vizuizi hivyo vinajaa palepale ndani ya dentini, na mabaki yake yamekutwa kwenye meno ya wagonjwa, yamekaa katika ile mianya ya kati ya vitufe. Yaani hata ukijaza fosfeti kwenye damu, mle ndani kuna kitu kinazuia vitufe visiungane.

Ushahidi ninaoupenda ni wa panya wanaoitwa Hyp, wenye hitilafu hiyohiyo. Seli zao za kujenga mfupa zilipandikizwa kwa panya wasio na ugonjwa, wenye fosfeti ya kutosha. Bado zilijenga mfupa wenye kasoro.

#12 Kisiki
Upogo, majaribio hayohayo yalifanyika upande wa pili pia, usiyakate nusu. Seli zisizo na hitilafu zilipopandikizwa kwa panya wa Hyp nazo zilijenga mfupa mbovu. Kwa hiyo damu nayo ina mkono wake. Niliteleza kwenye jua la asubuhi, nakiri, lakini fosfeti siiachi.

#13 Upogo
Haki yako. Ninachokataa ni "fosfeti peke yake". Ingekuwa hivyo, mtoto anayenywa dawa vizuri tangu mchanga angekuwa na meno kama ya mwingine yeyote. Anapata nafuu kubwa, ndiyo, lakini majipu hayamwishi kabisa.

#14 Kozi
Au ni kwa sababu hakuna anayeweza kunywa ile dawa sawasawa. Fosfeti ya kunywa inapanda kwenye damu na ndani ya saa chache imeshuka. Mimi utotoni nilipewa mara tano kwa siku, ya mwisho usiku wa manane. Tumbo lilikuwa linaniharisha, nilikuwa naificha chini ya mto. Mama yangu alikuja kuigundua kwa kuona mashuka yameganda chumvi. Msiseme dawa haifiki kwenye jino kabla hamjajua ni vidonge vingapi vilifika tumboni.

#15 Zuhura
Kozi pole, hiyo ya mto imenigusa.

Nina swali kwa wote. Mwanafunzi wa meno hapa, mwaka wa nne. Tunafundishwa kwamba matege ya kukosa vitamini D yanaacha enameli ina vishimo na mistari. Kwenye XLH enameli mara nyingi inaonekana nzuri tu, kama alivyosema MamaPacha, jeupe, zima. Ugonjwa wa madini uiharibu dentini halafu enameli iliyo jirani yake uiache?

#16 Tabibu Kinywa
Swali zuri. Jibu linalotolewa mara nyingi ni kalsiamu. Kwenye upungufu wa vitamini D kalsiamu ya damu inashuka, na seli za enameli zinaumia kalsiamu ikishuka. Kwenye XLH kalsiamu iko kawaida, kinachoshuka ni fosfeti. Enameli inapona, dentini inaumia.

#17 Upogo
Au enameli haijengwi juu ya kolajeni na haina vizuizi vile vya osteopontini kwa kiasi hicho, kwa hiyo PHEX ikikosekana haijali sana. Maelezo yote mawili yanaingia.

Tena ukitazama kwa hadubini, ile tabaka ya kwanza kabisa ya dentini iliyogusana na enameli huwa nzuri kiasi. Uharibifu unaanza ndani yake. Tabaka hiyo inapata madini kwa njia nyingine, kwa vifuko vidogo vinavyotolewa na seli. Fosfeti ya damu ni ileile kwa tabaka zote mbili. Kisiki anijibu hilo.

#18 Kisiki
Tabaka ya kwanza ni nyembamba na inahitaji kidogo. Ukuta wote wa ndani unahitaji kingi kwa muda mrefu. Umeridhika?

#19 Upogo
Hapana, ila umejibu haraka kuliko nilivyotarajia.

#20 Mjukuu wa Tatu
Mimi nina la kuhusu maabara. Binti yangu alipimwa fosfeti mara mbili, majibu yakaandikwa "kawaida". Mara ya tatu daktari wa watoto akauliza: kawaida ya nani? Kumbe karatasi ilikuwa na viwango vya watu wazima. Fosfeti ya mtoto mdogo kwa kawaida iko juu kuliko ya mtu mzima kwa sababu anakua. 0.9 (milimoli kwa lita) kwa mtu mzima hainyanyui nyusi, kwa mtoto wa miaka miwili ni chini. Tulipoteza mwaka na nusu. Mnaosoma hapa mkiwa na mtoto mwenye majipu ya ajabu, ombeni karatasi yenyewe muisome, msikubali neno "kawaida" lililoandikwa kwa kalamu.

#21 Zuhura
#20 hii inafaa ibandikwe juu ya uzi.

MamaPacha, samahani kama naingia ndani sana. Wewe mwenyewe meno yako yakoje? Na pacha wa kike?

#22 MamaPacha
Nimechelewa kujibu kwa sababu nilikaa na hilo swali.

Nimeng'olewa meno manne kabla ya kufika miaka thelathini. Mawili ya mbele ni ya bandia. Kila mara niliambiwa nimechelewa, sijaswaki, nimeyaachia. Niliamini. Mimi ni mfupi, magoti yananiuma asubuhi, nilidhani ni uzazi wa mapacha. Baba yangu, marehemu sasa, alikuwa na miguu ya upinde na alivaa meno ya bandia tangu nilipomfahamu. Dada yangu naye hivyohivyo. Kaka zangu wawili ni warefu, meno yao mazima.

Pacha wa kike hajapata jipu hata moja. Miguu yake imenyooka.

#23 Tabibu Kinywa
Dada, umeichora ramani yote ya familia bila kujua. Baba mwenye hitilafu kwenye X anawapa binti zake wote, kwa kuwa ana X moja tu ya kuwapa. Wana wa kiume anawapa Y, hawaguswi. Mama mwenye nayo, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu, awe wa kiume au wa kike. Pimeni damu, wewe, dada yako na pacha wa kike. Kukosa jipu hakumtoi kwenye orodha.

Na pole kwa miaka yote ya kuambiwa hujaswaki. Naisema nikiwa ndani ya fani hiyohiyo iliyokuambia.

#24 Kozi
MamaPacha, mimi pia nilipewa kipeperushi cha kuswaki nikiwa na miaka 19 na shavu limevimba kama puto. Karibu kwenye ukoo.

#25 Daftari
Lakini kama nafasi ni nusu kwa nusu, mbona wa kiume kaumia na wa kike hana kitu? Si ndiyo kusema wanaume wanaumia zaidi kwa kuwa hawana X ya akiba?

#26 Upogo
Inaonekana hivyo kimantiki. Kwa mwanamke kila seli inaizima X moja, kwa hiyo jino lake linajengwa na mchanganyiko wa seli zenye PHEX nzima na seli zisizo nayo. Kama maelezo yangu ya #11 ni kweli, mchanganyiko huo ungemsaidia. Ila kwenye damu wanaume na wanawake wenye XLH hawatofautiani sana kwa fosfeti. Kisiki, tofauti ya meno bila tofauti ya damu, unaiweka wapi?

#27 Kisiki
Naiweka kwenye "bado hatujui kama pacha wa kike anayo". Mtoto hajapimwa mnamjengea nadharia.

#28 Mjukuu wa Tatu
Kweli hiyo. Na tofauti zipo hata bila habari ya jinsia. Binti yangu na binamu yake, wote wa kike, hitilafu ileile ya jeni kwa majibu ya maabara. Mmoja majipu sita, mwingine moja.

#29 MamaPacha
Sasa nifanye nini na meno yaliyobaki? Daktari mmoja anataka kuyavisha kofia za chuma magego yote kabla hayajaharibika. Mwingine anasema tusiguse.

#30 Tabibu Kinywa
Hapa hata sisi tunabishana. Kofia inazuia kusagika, na hoja ya Kozi ya #8 inaiunga mkono. Lakini kuivisha mara nyingi kunahitaji kuparua jino, na kwenye jino hili ukiparua kidogo umeigusa pembe ya kiini. Umesababisha ulichokuwa unakikimbia. Mimi naanza na kuziba: rezini laini kwenye mifereji ya magego yaliyo mazima, bila kuchonga, na kuirudia ikibanduka. Kukaguliwa kila miezi sita, mapema zaidi akiwa na dalili. Picha kwa kiasi. Kofia naweka kwa gego lililoanza kusagika.

#31 Mpiga Eksirei
Na picha ya kwanza ipigwe kabla ya kuchonga, uijue pembe iko wapi.

#32 Kozi
Tabibu, rezini zangu zilibanduka kila baada ya miezi michache kwa sababu ya kusaga. Kwa msagaji mimi niko upande wa kofia. Jino likifa kwa kuparuliwa angalau mtu alikuwepo akaona.

#33 Zuhura
Na dawa akianza sasa, meno ya kudumu yataokoka? Gego la kwanza la kudumu linaanza kupata madini karibu na kuzaliwa, la mbele miezi mitatu minne. Ana miaka mitatu na nusu, je, hajachelewa?

#34 Tabibu Kinywa
Hajachelewa kwa yote. Taji za meno ya mbele ya kudumu zinaendelea kujengwa mpaka karibu miaka minne au mitano, magego ya pili ya kudumu mpaka saba au nane, na mizizi inakuja baadaye. Watoto wanaoanza tiba mapema wanaonekana kupata dentini iliyo bora kwenye meno ya kudumu. Hilo nalisema kwa moyo mmoja. Meno ya utotoni ndiyo yaliyokwisha kujengwa.

#35 Upogo
Hapo napo kuna fumbo. Taji za meno ya utotoni zinaanza kupata madini tumboni, mwezi wa nne hivi, na mtoto tumboni anapata fosfeti kupitia kondo la nyuma. Ila MamaPacha mwenyewe huenda alikuwa na fosfeti chini wakati wa mimba. Je, mtoto aliyerithi kwa baba angekuwa na meno ya utotoni yaliyo bora kuliko huyu?

#36 Kisiki
Sasa hapo unakuja upande wangu bila kupiga hodi.

#37 Mjukuu wa Tatu
Wangu amerithi kwa baba yake. Majipu sita, niliandika #28. Binamu yake mwenye moja karithi kwa mama. Ni kinyume kabisa na unavyosema.

#38 Upogo
Watoto wawili hawatoshi. Lakini imeniharibia usiku.

#39 Daftari
Na ile sindano mpya? Haimalizi mjadala?

#40 Kozi
Burosumabu. Ilikubaliwa 2018 Marekani na Ulaya. Ni kingamwili inayoifunga FGF23, watoto kila wiki mbili, wakubwa kila wiki nne. Mimi imenirudisha kutembea bila fimbo. Meno yangu yalikuwa yameshajengwa miaka 30 kabla, kwa hiyo siwezi kukupa jibu la jino kutoka mdomoni mwangu.

#41 Upogo
Na angalia: sindano inapandisha fosfeti ya damu lakini PHEX inabaki imeharibika ndani ya jino. Watoto wanaoitumia tangu wachanga ndio watakaotuamulia mimi na Kisiki.

#42 MamaPacha
Majibu yametoka leo. Mimi ninayo. Dada yangu anayo. Pacha wa kike anayo pia, fosfeti yake iko chini sawasawa na ya kaka yake, tofauti ni ndogo sana.

Amepigwa picha. Viini vikubwa, pembe juu, kama Mpiga Eksirei alivyoeleza #10. Hana jipu. Hasagi meno.

Wanaanza dawa wote wawili kesho.

#43 Kozi
Hasagi meno! Someni #8.

#44 Upogo
Someni #26.

#45 Kisiki
Mwacheni alale jamani, kesho ana dozi za watoto wawili. MamaPacha, za usiku wa manane weka kengele, na angalia chini ya mto.